Nusu Saa ni ya Nani?

Kwetu Mzinga kuna kibanda umiza ambacho mwenye nacho, kila jua linapoanza kuinamia upande wa Mindu, hutoa ubao mweusi nje na kuandika kwa chaki ratiba ya usiku. Saa moja, mechi. Saa tatu, picha ya Kikorea iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Katikati hapo, kama umeme haujakatika, anaweka katuni za Kijapani sehemu mbili au tatu mfululizo, na ndipo madogo wanapojaa mpaka wengine wananing'inia dirishani. Naruto nimeanza kumjulia hapo, kwa shilingi mia mbili, nimekaa juu ya ndoo ya rangi.

Siku moja nikajitutumua. Nikamfuata mwenye kibanda, ambaye mtaa mzima tunamwita Mjomba, nikamwambia: "Mjomba, mbona ubaoni kwako hakuna kitu chetu hata siku moja? Mjapani yupo, Mkorea yupo, Mwingereza na mpira wake yupo. Sisi je?"

Akaniuliza, "Kitu chenu kiko wapi?"

Nikatoa kaunta buku langu kwapani. Nilikuwa naandika riwaya ya Simbamwene, yule binti wa Kisabengo aliyetawala mji wa ngome hapa Morogoro karne ya 19. Nikamwambia naweza kuisoma kwa sauti, rafiki yangu anayechora akatengeneza picha, tukazipitisha kwenye runinga yake kwa simu. Mjomba akaushika ule ukurasa wa mbele, akatikisa kichwa kama mtu anayependezwa. Kisha akauliza, "Ziko sehemu ngapi?"

"Tatu."

"Sawa. Nikupe Alhamisi hii, na ijayo, na ile nyingine. Alhamisi ya nne hawa nitawawekea nini? Nitawawekea wewe umekaa?"

Masela waliokuwa wanasubiri mechi wakacheka mpaka wakapigana mabega. Mimi nikaondoka na daftari langu. Ndugu msomaji, nilichukia, nakiri. Lakini swali la Mjomba lilikuwa na akili kuliko mengi niliyoyasikia baadaye kwa watu waliovaa tai.

Maana muda si mrefu baada ya hapo nilihudhuria mjini mkusanyiko wa sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Mzee mmoja wa kalamu, ambaye vitabu vyake nimevisoma na ninaviheshimu, akasimama akasema katuni za Kijapani zimetuibia vijana. Eti zimeiba saa zao za kusoma, zimeiba mashujaa wao, zimeiba hata majina, mtoto wa Kilakala anajiita Sasuke. Ukumbi ukapiga makofi. Na waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote walikuwa ni sisi vijana, ambao usiku uleule tulikuwa tunaenda kuangalia hizohizo katuni!

Mimi sikupiga. Nasema hivi, na atakayenijibu anijibu kwenye kurasa hizi: nusu saa ya televisheni haiibwi. Inapangishwa, inanunuliwa, au inagawiwa kwa mwenye mzigo. Sisi tunaolia kwamba tumeibiwa hatujawahi kufika dirishani kwa mpangaji wa vipindi tukiwa na mzigo mkononi. Tukifika, tunafika na sehemu tatu.

Hebu tuwaangalie Wamarekani, maana na wao katuni za Kijapani zililetwa kwao kutoka nje kama kwetu. Sailor Moon ilifika kule mwaka 1995. Ikauzwa kituo kimojakimoja, na vituo vingi vikaitupa alfajiri, saa ambazo mtoto bado kajifunika shuka gubigubi. Haikudumu. Mwaka uliofuata ikaja Dragon Ball Z kwa mkono wa kampuni ya Texas iitwayo Funimation, nayo ikaonja hayohayo, saa za asubuhi mbichi mwisho wa wiki. Ilipofika sehemu ya 53 za Kiingereza ikakwama, na Wajapani wenyewe walikuwa wameshaimaliza zote 291. Mwenye kituo yeyote hapo angeapa kwamba Mmarekani hataki vitu hivi.

Sasa sikilizeni. Tarehe 17 Machi 1997 kituo cha Cartoon Network kilikuwa kimefungua fungu la vipindi vya alasiri, siku za kazi, saa ambazo watoto wanarudi toka shule. Wakaliita Toonami. Mwanzoni lilijaa katuni za zamani. Juni 1998 wakaichukua Sailor Moon, na tarehe 31 Agosti mwaka huohuo wakaichukua Dragon Ball Z. Hadithi ni zilezile, sauti ni zilezile, kilichobadilika ni saa tu. Na ikawa moto! Funimation ambayo ilikuwa imekwama ikarudi studio kutia sauti zilizobaki, na kufikia Septemba 1999 sehemu mpya zikawa hewani.

Kwa hiyo mzee wangu wa mkutanoni ana haki nusu. Saa ina nguvu kweli. Hadithi nzuri ikiwekwa alfajiri inakufa, na wala haifi kwa ubaya wake. Ila angalia na upande wa pili: saa nzuri ilipofunguka, ni nani aliyeingia? Aliyeingia ni yule aliyekuwa tayari ana sehemu 53 zimetiwa sauti na zimefungwa kwenye sanduku, na nyuma yake zipo nyingine zaidi ya mia mbili zinasubiri. Mpangaji wa vipindi angeweza kuweka kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kumi bila kurudia. Je, nani kati yetu hapa ana wiki kumi?

Toonami ile ilifungwa Septemba 2008. Ikarudi usiku mmoja wa tarehe 1 Aprili 2012 kama utani wa siku ya wajinga, watazamaji wakapiga kelele irudishwe, na tarehe 26 Mei 2012 ikarudi kweli, Jumamosi saa sita usiku, kwenye upande wa watu wazima wa kituo kilekile, unaoitwa Adult Swim. Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, maana hapa ndipo utaona jinsi wenye mali wanavyogawana usiku.

Usiku ule ulikuwa na vipindi sita. Bleach ilitoka kwa kampuni ya Viz Media. Deadman Wonderland, Casshern Sins na Fullmetal Alchemist: Brotherhood zilikuwa mikononi mwa Funimation. Cowboy Bebop na Ghost in the Shell zilikuwa zimeletwa Marekani na Bandai Entertainment, kampuni ambayo mwanzoni mwa mwaka huohuo ilikuwa imetangaza kwamba haitoi tena kitu kipya. Nyumba tatu, usiku mmoja. Mwaka 2013 ikaingia Sword Art Online kwa mlango wa Aniplex. Mwaka 2015 zikaja Akame ga Kill! na Parasyte kwa mlango wa Sentai Filmworks. Ukiwa umelala chali kwenye kochi huko Marekani, unaona ni kipindi kinafuata kipindi. Kumbe ni wapangaji wamebanana kwenye nyumba moja ya vyumba sita.

Na mwenye nyumba, yaani kituo, mali ile si yake. Anaazima. Mkataba unamwambia atairusha mara ngapi na ndani ya muda gani, halafu anairudisha. Kazi yake ni kupanga. Kipya kinakaa mwanzoni mwa usiku watu wakiwa macho, cha zamani kinasukumwa kuelekea alfajiri. Hadithi ndefu kama Naruto au One Piece ikishashika chumba inaweza kukaa humo miaka, na hadithi fupi ya sehemu 12 au 13 inaingia na kutoka kabla hujazoea sura za wahusika. Msambazaji naye anapata mara mbili: analipwa na kituo, halafu watu wakishaipenda anawauzia kanda, baadaye santuri za DVD, baadaye intaneti.

Lililonishangaza mimi ni kwamba washindani wale hawakimbiani. Nendeni soko kuu la Morogoro mkaangalie wauza nyanya. Mwenye nyanya anataka kukaa karibu na mwenye nyanya, kwa sababu mteja anakuja pale palipo na nyanya. Aliyefungua runinga kwa ajili ya Bleach ya huyu anabaki kuangalia kitu cha yule. Sisi waandishi wa mji huu, mmoja akipata nafasi kwenye gazeti, wengine wote tunanuna.

Sasa lipo na balaa ndani yake, na hili wale wanaoimba tu sifa za anime hawalisemi. Aniplex ni ya Sony. Mwaka 2017 Sony ikainunua Funimation. Agosti 2021, kupitia hiyohiyo Funimation, ikainunua Crunchyroll, kampuni kubwa ya kuonyesha anime kwenye intaneti, kwa dola milioni 1,175. Mwaka 2022 Funimation na Crunchyroll zikaunganishwa chini ya jina la Crunchyroll. Milango ya nje bado ina vibao tofauti, lakini ukipita ndani unajikuta kwenye sebule moja. Na mwenye sebule ana duka lake mwenyewe la kuonyesha vitu vyake! Siku akitaka kukunyima atakunyima, na wewe mpangaji wa vipindi utabaki na ubao wako na chaki. Nadhani ndiyo maana watu wa Toonami hawakukubali kuwa waazimaji tu. Mwaka 2005 walishirikiana na studio ya Kijapani ya Production I.G kutengeneza IGPX, mwaka 2018 wakatoa mfuatano mpya wa FLCL, na mwaka 2024 wakaonyesha Uzumaki, ambayo waliiagiza wenyewe. Asiye na chake kabatini ni mgeni hata kwenye ratiba yake mwenyewe.

Huko Japani kwenyewe mambo yanaanzia mbali na televisheni. Yanaanzia kwenye gazeti. Gazeti la karatasi duni, la bei ya chini, kama hili unaloshika. Weekly Shonen Jump lilianza mwaka 1968, likafika nakala zaidi ya milioni sita kwa wiki katikati ya miaka ya 1990. Ndani yake hadithi za picha ishirini hivi zinagawana kurasa, na wasomaji wanatuma kadi za posta kusema ipi wameipenda. Isiyopendwa inakatwa, hata kama mwandishi ana watoto wa kulisha. Ni ukatili, sikatai. Lakini Eiichiro Oda alianza One Piece humo mwaka 1997 akiwa na miaka 22. Masashi Kishimoto alianza Naruto mwaka 1999 akiwa na miaka 24. Na dada zangu msije mkasema hii ni michezo ya wavulana: Naoko Takeuchi alianza Sailor Moon mwishoni mwa mwaka 1991 akiwa na miaka 24, kwenye gazeti la wasichana liitwalo Nakayoshi. Umri wangu huo! Umri wa mtu ambaye hapa kwetu anaambiwa subiri kwanza ukue.

Hadithi ikishika, ndipo inapoundwa kamati. Mchapishaji anaweka fedha, mwenye kampuni ya muziki anaweka, mwenye vinyago vya watoto anaweka, wakati mwingine kituo chenyewe kinaweka, na kila mmoja anabaki na kipande chake cha umiliki. Halafu, na hili lilinifanya nikae chini niliposoma, zile katuni za usiku wa manane mara nyingi kamati ndiyo inayokilipa kituo ili zionyeshwe. Naam! Mwenye hadithi analipia nusu saa. Anajua fedha zitarudi kwa mauzo mengine. Sisi tunadhani huko Mungu alishusha ratiba ikiwa imejaa.

Turudi nyumbani. Tanzania bara tulikaa bila televisheni yetu mpaka vituo kama ITV vilipoanza mwaka 1994, na ya taifa, TVT, ikafuata baadaye. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Kituo kinapoanza kina saa nyingi na mikono mitupu. Nani anajaza saa hizo? Yule anayekuja na kilichokwisha kutengenezwa. Mwaka 2011 Wachina walileta TBC1 tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, tayari imetiwa sauti za Kiswahili. Mama yangu hakuwa akipika saa ile. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja. Baadaye Azam wakatuletea Waturuki, Sultan na wake zake, nao wanazungumza Kiswahili safi kuliko mtangazaji. Mzigo umefika mlangoni, umefungwa vizuri, una sehemu nyingi, unaelezeka kwa mwenye sabuni anayeweka tangazo. Wewe ungekuwa mpangaji wa vipindi ungemkataa Hurrem ukamsubiri kijana wa Mzinga amalize sehemu ya nne?

Na msiniambie Kiswahili hakiwezi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, ukaendelea miaka na miaka, watu wakawa wanapanga saa ya kula kwa kuufuata. Januari 2014 TBC1 ilianza kurusha Ubongo Kids, katuni iliyochorwa na kutiwa sauti hapahapa Dar es Salaam, inayofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo, na baadaye ikavuka mipaka ikaonyeshwa nchi nyingine za Afrika. Waliipata vipi saa yao? Walikwenda na kitu kizima, msimu mzima.

Wapo wanaosema tudai sheria. Wakenya wameandika kwenye kanuni zao kwamba vituo virushe asilimia 40 ya vipindi vya nyumbani. Vizuri, na sisi tudai, mimi nitabeba bango la mbele. Lakini asilimia 40 ya hewa bila hadithi itajazwa na vipindi vya watu waliokaa kwenye viti vyekundu wanabishana mambo ya mpira na mastaa. Sheria inakufungulia chumba. Kitanda unakuja nacho mwenyewe.

Basi sasa niseme tulivyo sisi, na mnisamehe.

Kwanza hatumalizi. Nimehesabu kwenye kundi letu la watu kumi na wanne: riwaya zilizoanzwa ni zaidi ya ishirini, iliyokwisha ni moja, na aliyeimaliza ni dada mmoja wa Bigwa ambaye hata huwa haongei mikutanoni. Sisi waongeaji tuna sura za kwanza nzuri ajabu. Tunazisoma, tunapigiwa makofi, tunaanza nyingine.

Pili, tunaiga mahali pasipoigika. Jamaa yangu mmoja ameandika hadithi ya mpiga upanga anayeitwa Kenji, anaishi kijiji chenye maua ya cheri. Jamaa hajafika hata Mikumi! Nikamuuliza, cheri ina harufu gani? Akanyamaza. Huku nyuma yake Uluguru imesimama na mawingu yake, na maporomoko, na mapango, na hadithi za ukoo wa Kingalu kule Kinole. Oda na Kishimoto walijaza hadithi zao supu na mizimu ya kwao, na sisi tukaipenda hivyohivyo ilivyo ya kwao. Anayeiga upanga ameshika kitu kidogo kuliko vyote.

Tatu ni hili la kuuza. Na hapa najitaja mimi mwenyewe, nisije nikaonekana nahukumu wengine.

Baada ya aibu ya kibandani niliandika kwa hasira mpaka nikafikisha sehemu sita za Simbamwene. Nikazipeleka kwenye gazeti moja la hadithi, jina silitaji. Mhariri akanipokea kwa "karibu kijana," akasoma kurasa mbili nimesimama, akasema atazichukua. Akanipa bahasha. Fedha yake ilinitosha nauli ya kurudi, viatu vya mdogo wangu na kilo tano za mchele. Akanipa na karatasi nisaini, nikasaini bila kusoma, maana kalamu ilikuwa yake na foleni ilikuwa nyuma yangu. Sehemu nne zikatoka. Ya tano haikutoka, nafasi yake likawekwa tangazo la mganga. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa kwa upole kwamba hadithi si yangu tena, mimi nilishalipwa.

Sikuwa wa kwanza. Waulizeni waigizaji wa filamu za Bongo wa ule wakati wa kanda na santuri. Wengi wao walikuwa wanachukua mzigo uliokamilika, wanaupeleka Kariakoo, wanapewa fedha mkupuo mmoja na kuacha kila kitu pale: picha, jina, haki ya leo na ya kesho. Filamu ikirudiwa kwenye king'amuzi mara mia, aliyeiandika anaiangalia kama mimi na wewe, kwa kulipia. Wakati ule Mjapani mwenye katuni anamwazima Mmarekani kwa miaka fulani, anamwambia ukimaliza nirudishie. Kuazima na kuuza ni maneno mawili tofauti, na tofauti yake ndiyo inayomfanya Dragon Ball, hadithi iliyoanza mwaka 1984, aendelee kulisha watu mpaka baada ya Akira Toriyama kufariki mwezi Machi 2024.

Mnaosoma kurasa hizi na mna sehemu tano, kumi, kabatini: msizitoe kabla hazijafika msimu. Na siku mkizitoa, andikeni kwenye karatasi mnaazima nini, kwa muda gani, kurushwa mara ngapi. Kama hamjui kuandika karatasi hiyo, tutafute mwanasheria mmoja tumchangie, kuliko kila mtu kusaini peke yake na kalamu ya mwenye gazeti. Mimi napendekeza na zaidi: tuweke kabati moja la pamoja. Riwaya ya yule dada wa Bigwa, ya Simbamwene, ya jamaa wa Kenji akishambadilisha jina, zikae pamoja na wachoraji wetu, ili tukienda kwenye kituo tuende na usiku mzima wa vipindi sita. Bado kila mmoja abaki na chake. Wale wa Viz na Funimation hawakuwa ndugu.

Na nyinyi wenye vituo, msidhani mmesalimika. Mmeonyesha kwamba mnaweza kumsubiri Mturuki atiwe sauti kwa miezi. Tupeni nusu saa moja ya saa za watu, si alfajiri. Mkituweka alfajiri halafu mseme hatukupendwa, tutawakumbusha Sailor Moon ya mwaka 1995.

Wazee wetu wa mji huu waliwahi kufanya jambo hili kwa upande wa muziki. Mwaka 1970 Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe walikwenda Osaka, kwenye maonyesho makubwa ya Expo 70. Morogoro ilifika Japani kabla Japani haijafika Mzinga! Na hawakupelekwa kule kwa kuonewa huruma. Walikuwa na santuri, walikuwa na bendi iliyofanya mazoezi, walikuwa na nyimbo za kujaza usiku na bado zikabaki.

Simbamwene nimeianza upya. Nimeanza pale Stanley anapopita mwaka 1871 anaukuta mji wenye kuta na minara, na nataka niishie mwaka 1872 anaporudi anakuta mafuriko yameibomoa ngome, ila kwangu anayesimulia si Stanley, ni mwanamke aliyeko ndani ya ukuta. Jamaa wa Kenji ameacha cheri, anachora mawingu ya Uluguru, na anachora vizuri kuliko nilivyotegemea.

Wiki iliyopita nilimpelekea Mjomba daftari la tano. Akafungua, akahesabu sehemu kwa kidole chenye chaki, zikafika 19. Akasema, "Fikisha 26, nikuandike Alhamisi saa mbili na nusu, kabla ya Mkorea." Moyo ukaruka. Nikawa nimeshageuka kwenda kuwaambia wenzangu, akaniita.

"We mwandishi. Hii ni yako, au umeshaiuza?"

Nikamwambia kumi na tatu ni zangu. Zile sita za mwanzo, nimeziandika upya, nimebadilisha karibu kila neno, lakini ile karatasi niliyosaini sina nakala yake.

Mjomba akafunga daftari akanirudishia. Akasema nikaitafute kwanza hiyo karatasi.